Ua la Mikia Miwili

Tope la majimaji lina harufu yake, na ukishainusa utotoni hutaisahau hata wakikuhamishia mwezini. Si harufu ya uchafu. Ni majani yaliyooza polepole ndani ya maji baridi, kidogo kama chuma, kidogo kama mtungi wa togwa uliosahaulika nyuma ya mlango. Mwaka huu, mwezi wa nane, niliinusa tena mashariki ya Houston, chini ya misonobari, jua likinichoma utosini, na nikapiga ukelele ambao mpaka leo mjukuu wangu anauigiza mbele ya wenzake.

Naishi mji wa Katy, magharibi ya Houston, kwa binti yangu Eliza, ambaye ni nesi. Mwanawe, Naomi, ana miaka kumi na saba na anajua majina ya majani kuliko mimi ninavyojua majina ya wakwe zangu. Nasema hivyo kwa kujivuna na sitaomba radhi. Mimi shule niliishia darasa la tatu. Huyu kila Jumamosi huenda na kikundi cha watu wanaolinda maua ya majimaji, na Jumamosi hiyo mama yake alikuwa zamu, nikaambiwa nimsindikize, kana kwamba kati yetu wawili yeye ndiye wa kusindikizwa. Aliendesha gari yeye. Tulipita Houston yote, upande hadi upande, nikasinzia, nikaamka, bado tuko kwenye haiwei.

Tulipofika walinionyesha ua lenyewe. Lilisimama kwenye maji ya mvua, shina moja limejaa viua vya rangi ya chungwa, kila kimoja kina mdomo wenye nyuzi kama pindo la mtandio. Naomi akaniambia limebaki mahali pachache sana. Haliwezi kuishi pakavu, na watu wanachimba mitaro, wanajaza kifusi, wanajenga. Anapozungumza na mimi hupika Kiswahili na Kiingereza chungu kimoja, lakini nilimwelewa. Akatangulia mbele na buti zake. Mimi nikainama, nikalishika ua kwa vidole viwili taratibu, nikaligeuza nilitazame mgongoni kama nilivyofunzwa.

Mkia mmoja. Mrefu, mwembamba, unaning'inia.

"Naomi! Rudi! Hapo hakuna chini! Rudi nasema!"

Mzungu mmoja mwenye ndevu aliangusha koleo. Watu wote wakageuka. Naomi alisimama, maji yamemfika kwenye vifundo vya miguu tu.

"Bibi, relax. Ni maji tu."

"Nimesema rudi!"

Alirudi, kwa sababu nimemlea mimi. Akanikuta nimekaa chini kwenye majani, nahema kama niliyekimbizwa. Hapo ndipo nilipolazimika kumweleza habari hii, na sasa nawaeleza na ninyi.

Kwetu ni Makete, nchi ya Wakinga, juu kabisa, kwenye baridi ya kupasua midomo. Chini ya kijiji chetu palikuwa na bonde la majimaji. Ukisimama ukingoni unaona majani tu, mabichi, yametulia, ungedhani malisho. Ukikanyaga, nchi inatikisika mpaka majani ya mbali yanainama, kama kuna mtu amejigeuza chini ya blanketi. Mahali pengine tope lilikufika kwenye goti. Mahali pengine hakuna aliyewahi kufika chini akarudi kutuambia. Ndama wa jirani aliingia asubuhi, tukamsikia mpaka mchana, halafu hatukumsikia tena.

Lakini ng'ambo ya bonde ndiko ilikokuwa zahanati, na ndiko kwao mama. Kulizunguka ni kutwa nzima ya kutembea. Kwa hiyo watu walikatiza, na aliyekatiza alifuata maua. Mama alinifundisha kabla sijajua kufunga kanga. Alinichutamisha, akachuma ua la rangi ya waridi, akaligeuza.

"Tazama mgongoni. Unaona nini?"

"Mikia."

"Mingapi?"

"Miwili. Kama pembe za mwanambuzi."

"Hicho ni kikande. Kinaota palipo na mizizi iliyoshikana, hapo kanyaga. Ukiona ua jeupe lenye mkia mmoja, simama. Hata kama unafukuzwa na nyuki, simama."

Ua lile jeupe tulilipa jina la mwongo, maana lilipendeza kuliko kikande na liliota palipo na kina. Hata bila maua ungeweza kuyatambua. Kikande kina majani mawili yaliyolala chini kabisa, yamejibana kwenye udongo kama masikio ya mbwa mwenye hofu. Majani ya mwongo hayalali. Yanapanda na shina.

Sasa kikande kinaliwa, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Chini yake kuna viazi viwili vidogo. Kimoja ni cha mwaka uliopita, kimekunjamana kama shavu langu la sasa. Kingine ni kipya, kigumu, kimejaa, na ndicho kitakachotoa ua la mwakani. Sisi tunakula kile kipya. Unakikausha, unakitwanga, unakipika na unga wa karanga na magadi kidogo mpaka kishikane, unakata vipande kama nyama. Ni kitamu, sitawadanganya. Kila nyumba ilichimba kikapu kidogo cha sikukuu, basi, na bonde halikujua kama limeguswa.

Kisha wakaja wanunuzi kutoka upande wa mpaka, na magunia. Kijiji kizima kikashuka bondeni, baba, mama na watoto, majembe begani. Viazi vikubwa vikaingia kwenye magunia. Vile vidogo kama punje ya harage wanunuzi hawakuvitaka, vikatupwa lundo nyuma ya soko, vikikanyagwa na mbuzi. Kabla msimu haujaisha bonde lilikuwa halina rangi. Lilikuwa mashimo tu yaliyojaa maji, yote yanafanana. Mwenyekiti wa kijiji akalifunga: asionekane mtu humo mpaka maua yarudi. Atakayekamatwa, faini mbuzi. Watu wakarudi kuzunguka kutwa nzima, wanawake wenye mimba na wazee wa kubebwa kwenye machela, na kila mmoja akimlaumu mwenzake.

Asubuhi moja mama aliniambia anakwenda kuni. Baba alikuwa mbali, akivuna chai Mufindi. Nilikuwa na umri wa kama miaka tisa, na mdogo wangu Elia alikuwa bado anatambaa. Nikamwachia Elia shangazi, maana niliona panga la mama nyuma ya mlango. Kuni bila panga? Nikalichukua nimpelekee.

Nyayo zake hazikwenda msituni. Zilishuka bondeni.

Ukungu siku ile ulikuwa mzito hata mkono wako mwenyewe uliuona kama wa mtu mwingine. Nilifika ukingoni nikasikia kitu kinapumua. Si mnyama. Nilisimama, panga mkononi.

"Nani huyo?" Sauti ya mama, lakini ndogo.

"Mimi, mama. Umesahau panga."

Kisha akasema, "Ahadi mwanangu, usisogee. Hata kidole."

Ukungu ukafunguka. Nilimwona mama kuanzia kifuani kwenda juu. Chini hakuwepo. Alikuwa amenyoosha mikono yote miwili juu ya majani, kama mtu anayetaka kukumbatia bonde zima, na mdomoni ameng'ata fundo la kanga kuukuu. Alilitoa mdomoni ili azungumze, kisha akaling'ata tena, na tena. Hata kwa woga ule niliona ajabu. Mtu anazama, na bado anashikilia fundo.

"Nikijitikisa inanimeza," akasema. "Mkimbilie baba yako mdogo. Mwambie alete mlango."

"Mlango gani, mama?"

"Mlango wa nyumba yake! Kimbia!"

Nilipanda kile kilima nikilia bila sauti, maana pumzi ya kulilia sikuwa nayo. Baba mdogo alikuwa anakunywa uji. Hakuuliza swali. Aliinuka, akaung'oa mlango kwenye bawaba zake, mkewe anapiga kelele, "Na mbwa wakiingia?" Naye akajibu, "Wakaribishe chai!" Akaita wanaume, wakachukua kamba ya ng'ombe, tukashuka.

Ukingoni wote walisimama. Wanaume wazima, wenye nguvu, wamebeba mlango, wamesimama kama wageni wanaosubiri kufunguliwa. Mama sasa alikuwa amefika mabegani.

"Njia iko wapi?" baba mdogo akauliza.

Njia walikuwa wameichimba wenyewe, wakaiuza kwa gunia.

"Nani anakumbuka palipokuwa na maua?"

Mmoja akasema kulia kwa lile jiwe, mwingine akasema kushoto. Mmoja akatupa fimbo kupima, ikaingia yote, haikurudi. Kamba waliirusha, haikufika.

Mimi sikuamua kitu. Watu huniuliza, uliwaza nini? Sikuwaza. Nililala kifudifudi kwenye maji yale ya barafu nikaanza kupapasa. Wachimbaji walikata maua na kuondoka na viazi, lakini kwa haraka zao waliacha jani hapa na pale, limezama, limefunikwa na tope. Jani lililolala: ndio. Jani linalopanda: hapana. Nilipapasa nikipiga kelele, "Hapa!" nao wakaweka matawi na miguu yao palepale nilipotoka, mmoja nyuma ya mwingine. "Hapa! Hapa! Siyo hapo, baba mdogo, huyo ni mwongo!"

Karibu na katikati mkono wangu wa kushoto ulishika jani likiwa limesimama kwenye shina. Nikauvuta, nimechelewa. Mkono uliingia mpaka kwapani na hapakuwa na kitu. Baridi tu, kwenda chini. Uso wangu ukagusa maji.

"Taratibu, mwanangu," mama akasema. Alikuwa karibu sasa, nilimsikia bila yeye kupaza sauti. "Usinitazame mimi. Tazama majani. Rudi kulia. Kuna moja kulia, nalijua."

Lilikuwepo. Majani mawili, yamelala, masikio ya mbwa. Nikaweka kifua changu juu yake, mlango ukapita mgongoni kwangu ukakwaruza ngozi, nina kovu mpaka leo, Naomi ameliona. Wakaulaza mbele ya mama. Baba mdogo akatambaa juu yake, akapitisha kamba kwenye kwapa za shemeji yake, wanaume wakavuta. Tope halikutaka. Walivuta mpaka nikadhani watamkata vipande viwili. Kisha likaachia kwa mlio mmoja mkubwa wa aibu, mlio ambao siwezi kuuandika, na hata katika hali ile kuna mtu alicheka.

Na fundo bado liko kwenye meno.

Tulipofika pakavu jirani yetu mmoja, mwanamke mwenye mdomo, alilichukua fundo akalifungua mbele ya watu. Ndani mlikuwa na viazi vya kikande, vidogo kabisa, vimefungwa kwenye yale majani laini kama manyoya yanayoota juu ya mawe ya mtoni, mabichi, yanachuruzika maji.

"Jamani, oneni!" akasema. "Hata vitoto havikumponyoka! Na amevificha kwenye manyoya!"

Mama alikuwa amelala chini, midomo ya bluu, tope mpaka kwenye nyusi. Akasema neno moja.

"Narudisha."

Watu waliangua kicheko. Labda ni kile kicheko cha woga unaotoka, sijui. "Unarudisha wapi, kwenye shamba la Mungu? Nani anapanda mwitu?" Kwenye mkutano mwenyekiti alimuuliza tena, akajibu lile lile, wakacheka tena, na mbuzi wetu akaenda. Kuanzia siku ile mama yangu aliitwa Mama Vitoto. Sokoni, kisimani, kanisani. Mwanamke aliyezama kwa tamaa. Baba aliporudi kutoka Mufindi alisikia habari hiyo kabla hajafika nyumbani. Mimi nilisifiwa, nikapewa yai. Na niliamini walivyoamini wote. Mtoto huamini walio wengi, hasa wakimpa yai.

Hayo ndiyo niliyomweleza Naomi, nimekaa kwenye majani ya Houston. Hakunikatiza hata mara moja, jambo ambalo si kawaida ya nyumba yetu. Nilipomaliza aliniinua, akaniambia, "Bibi, njoo uone tunachofanya leo."

Kulikuwa na sanduku kwenye kivuli. Akalifungua. Mahali fulani palikuwa panakwenda kujengwa nyumba, akasema, na kabla matrekta hayajaingia wao walikwenda kuyatoa maua, na leo wanayapanda hapa, kwenye maji yanayofanana na yale waliyotoka. Ndani ya sanduku mlikuwa na mizizi minene, mifupi, kila mmoja una kichipukizi, kila mmoja umefungwa kwenye majani laini kama manyoya, mabichi, yanachuruzika maji.

"Haya manyoya ya nini?" nikauliza, na sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine.

"Ili usife njiani. Ukikauka tu, basi. Kama ni wa kula hakuna haja, unaukausha tu, si ndivyo ulivyosema?"

Ndivyo nilivyosema. Kikande cha kula unakianika. Hakuna mwanamke wa kwetu, hata mjinga, atakayefunga chakula kwenye manyoya ya mtoni mabichi, kitachipua, kitaharibika. Na vile vitoto vilikuwa vimetupwa lundo nyuma ya soko. Mama hakuwa na haja ya kuzama kwenye tope kuvitafuta. Alivitoa sokoni kwenda bondeni. Mwelekeo wake tuliusoma kinyume, kijiji kizima, na mwenyekiti, na mimi niliyepewa yai.

Wiki iliyofuata tulikuwa mji wa Lewisville kwa mdogo wangu Elia. Binti yake amemaliza chuo, na nyumba ilijaa Watanzania na Wakongo watatu wa kutoka Haltom City, pilau, kelele. Elia ana hadithi zake za sherehe. Alipogonga glasi nilijua ni ipi inakuja.

"Mama yetu mzazi, jamani," akaanza, "alizama kwenye tope mpaka hapa, na fundo la viazi vya wizi kwenye meno, haliachii! Tamaa ya mwanamke wa Kikinga..."

Watu wameshaanza kucheka. Nikasimama. Mimi ndiye mkubwa wake.

"Elia, kaa chini."

"Dada, sijafika kwenye utamu."

"Hakuna utamu. Kaa."

Hata watoto wakaacha simu zao. Nikawaeleza, si kwa maneno mengi kama haya. Nikawaeleza fundo lilivyofungwa, na kwa nini. Elia alianza kwa kutabasamu. Kisha akawa ananitazama tu. Mkewe akaweka mkono begani mwake.

"Lakini Dada," akasema mwisho, "ungejuaje? Mama amekufa. Wote wamekufa. Pengine alikuwa anaiba kweli. Una ushahidi gani, manyoya?"

Si mtu mbaya mdogo wangu. Anahitaji mambo yawe sawa, ni mhasibu. Na nilikuwa nakaribia kushindwa, nakiri, kwa kuwa manyoya ni manyoya. Ndipo nilipokumbuka kitu ambacho nilikiona kwa macho yangu, nikakikanyaga kwa miguu yangu, na sikuwahi kukiulizia.

Mama alirudi bondeni. Lazima alirudi, tena na tena, alfajiri alfajiri, na safari hizo hakuna aliyemwona wala aliyemtoa. Kwa sababu nilipokuwa msichana wa kukaribia kuolewa vikande vilichanua tena, na vilichanua kwa mstari. Kutoka kwenye lile jiwe la upande wetu mpaka ukingo wa zahanati, rangi ya waridi tupu, hatua na hatua, kama vifungo vya shati. Kijiji kilifurahi. Mchungaji alitoa ibada ya shukrani. Yule jirani mwenye mdomo alibebwa juu ya mstari ule akiwa na uchungu wa kuzaa, akafika zahanati akiwa hai na mtoto akiwa hai. Mimi mwenyewe nilipita hapo na sanduku langu la harusi kichwani, nikahesabu mikia bila hofu, mama akitembea nyuma yangu kimya.

Wote tulisema ni Mungu ameotesha.

"Elia," nikasema, "umewahi kuona mwitu unaota kwa mstari?"